Uzito Uliobaki kwenye Shilingi ya Simba

Kabla sarafu haijaguswa, mizani husawazishwa. Mzee anainama, anafumba jicho moja, anatazama timazi ndogo inayoning'inia ndani ya kabati la kioo, kisha anazungusha skrubu ya mguu wa kushoto robo duara. Anasubiri timazi itulie. Anazungusha tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Nje, lori la majani chai linapita na meza yote inatetemeka. Hakasiriki. Anaegemea kiti, anangoja barabara inyamaze, anaanza upya.

Tuko katika chumba cha nyuma cha agroveti sokoni Kanja, kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nchi ya kahawa na chai. Watu humwita Mwalimu, ingawa maisha yake yote ya kazi hakusimama mbele ya darasa. Alikuwa mtu wa maabara katika shule ya sekondari: yeye ndiye aliyepima chumvi na kumimina asidi kabla wanafunzi hawajaingia. Shule ilipoleta mizani za betri, ile ya zamani ikatupwa stoo, na alipostaafu akaomba auziwe. Ni mizani ya vitanga viwili. Mtange wake wa shaba ya manjano umelala juu ya makali ya jiwe la akiki, na mshale mrefu unashuka kutoka katikati hadi kwenye vistari vilivyochorwa juu ya kipande cheupe. Kuna kifundo mbele ambacho akikigeuza, mtange unainuka na kuwa huru. Akikirudisha, unaketi chini salama. Makali ya akiki yasipopumzishwa kila mara huliwa, na makali yakishaliwa mizani husema uongo bila mtu kujua.

Kazi anayoifanya haina jina la biashara. Watu humletea sarafu kuukuu, naye huwaambia zimebaki na fedha kiasi gani. Uvumi huzunguka vijijini kwamba shilingi yenye simba ni utajiri, na kila uvumi ukipita, mikebe hufukuliwa. Asubuhi niliyokaa naye alikuja cucu mmoja, yaani bibi, kutoka upande wa juu, akiwa na mkebe wa majani chai uliofungwa kwa kitambaa. Akasalimia, akakaa, akamwaga mezani shilingi ishirini na sita. Nyingine moja, iliyotobolewa, akaivua kwenye uzi wa shingoni na kuiweka kando ya wenzake.

"Zote za mama mkwe wangu," akasema. "Usizisugue, Mwalimu."

"Sisugui kitu, cucu."

Na kweli hasugui. Hatua ya kwanza ni beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Sarafu zinalala humo moja moja, zisigongane. Udongo uliokauka kwenye manyoya ya simba una uzito, na mizani haitofautishi udongo na fedha. Kinyume chake ni kibaya zaidi: wapo wanaomletea sarafu zinazong'aa baada ya kusuguliwa kwa majivu na ndimu, wakitarajia sifa. Hao wamemwondolea habari aliyoitaka, kwa sababu usuguaji wa asubuhi moja unaweza kula kile ambacho mifuko ya watu ingekula kwa muda mrefu. Anainua kila sarafu kwa kushika ukingo tu, anaisuuza, anailaza juu ya kitambaa cha pamba, anaigeuza, anaiacha ikauke. Weusi wa zamani, ule unaotokana na fedha kukutana na salfa ya hewani, anauacha ulivyo. Unaongeza uzito, lakini kidogo mno kwa mizani yake kuhisi.

Wakati zinakauka anazipanga kwa miaka. Hapa ndipo macho yanapotangulia mizani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kupigwa 1921, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa London mwishoni mwa 1919: kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama mbele ya milima. Hadi 1946 ilikuwa na robo moja ya fedha. Kuanzia 1948 ikabaki na simba yuleyule na upana uleule, lakini ikawa shaba na nikeli tupu, na kwa uzito inakaribiana sana na mwenzake wa zamani. Kwa hiyo anayepima bila kusoma mwaka amejisumbua bure. Anatumia kioo cha kukuzia, anasoma tarakimu, anatafuta herufi ndogo zilizoachwa na viwanda: H ya Heaton wa Birmingham, SA ya Pretoria, I ya Bombay. Tano kati ya shilingi za cucu zilikuwa za 1952. Akazisukuma kando bila neno, kisha akageuka kumweleza kwa nini, polepole, kwa Kiembu, mpaka akaridhika. Zikabaki ishirini na moja, na ile ya shingoni.

Shilingi mpya ya miaka hiyo ilikuwa na gramu 7.78. Hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwa wino juu ya ukurasa wa daftari lake, na chini yake kuna safu za penseli: mwaka, uzito wa sasa, uliopungua, asilimia. Anafungua mlango wa kioo, anaweka shilingi ya 1922 kwenye kitanga cha kushoto kwa kibano chenye ncha za plastiki. Upande wa kulia anaweka mawe ya mizani, yale ya shaba kwanza: gramu tano, gramu mbili. Anafunga mlango. Anageuza kifundo. Mshale unakimbilia upande mmoja, naye anakirudisha kifundo papo hapo, bila kungoja. Kisha vinafuata vijiwe vya bati jembamba vilivyokunjwa pembe moja ili kibano kipate pa kushika: miligramu 200, nyingine 200, 50, 20, 10. Kila mara mlango unafungwa, kwa sababu pumzi ya mtu inatosha kusukuma kitanga. Sasa mshale unayumba kwa upole kulia na kushoto. Hangoji usimame. Anahesabu vistari unavyofika kila upande, mara kadhaa, na kutafuta katikati yake. Mshale uliosimama, aliniambia, huenda umekwama tu. Unaoyumba sawasawa umeonyesha kwamba uko huru.

Inasoma 7.48. Ningekuwa mimi ningeandika na kwenda kwa inayofuata. Yeye anahamisha sarafu kitanga cha kulia, mawe kushoto, na kuanza tena. Safari hii ni 7.46. Mikono miwili ya mtange haiwezi kulingana kabisa, hata ikitengenezwa na fundi gani, na kosa linaloongeza upande mmoja hupunguza upande wa pili. Anaandika 7.47. Sarafu moja imekula karibu dakika kumi.

Imepungua gramu 0.31, asilimia nne. Namba hiyo ilinishangaza kwa udogo wake. Niliitazama ile shilingi: nywele za mfalme juu ya sikio zimetoweka, shavu na ndevu zimekuwa uwanda mmoja, na simba hana manyoya ya shingoni tena, amebaki kivuli chenye miguu. Ungeapa kwamba robo yake imekwenda. Mwalimu huwa anangoja mshangao huo, nadhani, maana alikuwa tayari na karatasi. Shilingi ina upana wa milimita 27.8. Ukijumlisha nyuso zake mbili na ukingo unapata ngozi ya milimita mraba 1,350 hivi. Gawanya kile kilichopotea juu ya ngozi yote hiyo, na unene ulioondoka ni kama sehemu moja ya arobaini ya milimita, chini ya nusu ya unene wa unywele. Picha yote ya mfalme na mnyama wake imechongwa katika kina kifupi sana, na sehemu zilizoinuka ndizo zinazogusa vidole, vitambaa na sarafu nyingine. Zinakwenda kwanza, na zinakwenda na uzito kidogo. Ndiyo maana sura hufa mapema kuliko uzito. Mnunuzi wa sokoni anayekadiria kwa jicho humwibia muuzaji bila hata kukusudia.

Ziko sehemu nyingine alizonionyesha kwa ncha ya kibano bila kugusa. Mgongo wa simba ulikuwa na rangi ya unjano, wakati bonde kati ya herufi lilikuwa bado jeupe. Katika mchanganyiko wenye robo ya fedha na robo tatu za metali duni, ngozi ya juu ikilika rangi ya ndani hujitokeza. Meno ya ukingoni pia husema. Kwenye shilingi ya 1922 yalikuwa yamefifia pande zote kwa kiasi kimoja, na hiyo ni dalili ya mzunguko wa haki, wa mikono mingi. Ukingo uliofutika mahali pamoja tu ungekuwa wa tupa. England ya karne ya 17 iliujua vizuri ugonjwa huo: sarafu za fedha zilizopigwa kwa nyundo, zisizo na meno, zilikatwa kingo na wajanja hata ikabidi 1696 ziitwe zote na kupigwa upya, mwaka uleule Isaac Newton alipoingia kazini katika kiwanda cha sarafu cha London.

Anaendelea. 1925: 7.53. 1937: 7.61. Sarafu za 1946 zinatoka 7.74, na hapo kalamu yake inasita. Gramu 0.04 si lazima ziwe zimeliwa na mtu yeyote. Kiwanda chenyewe kiliruhusiwa kupungukiwa au kuzidisha kidogo, kwa hiyo sarafu moja haiwezi kutoa ushahidi peke yake. Mwalimu hataki kuzungumzia sarafu moja. Anakusanya zile za mwaka mmoja au miaka inayokaribiana, anatafuta wastani, na wastani ndio anaouamini. Hakujifunza hayo kwa watoza sarafu. Ni desturi ya maabara, ileile aliyowasisitizia wanafunzi kwa miaka. Kumbe ndiyo njia aliyoifuata pia William Stanley Jevons, mwanauchumi Mwingereza, alipokusanya uzito wa pauni nyingi za dhahabu na kuulinganisha na umri wa sarafu hizo, katika miaka ya 1860. Aligundua kwamba pauni ya dhahabu huanguka chini ya uzito halali baada ya kama miaka 18 ya kutumika. Pauni hiyo ilikuwa na gramu 7.99, na ikishuka chini ya 7.94 ilikataliwa. Kwa kipimo hicho, hata shilingi ya cucu iliyolika kidogo kuliko zote ingekuwa mpakani.

Niliuliza kwa nini daftari lina ukurasa wa pekee wa thumni. Akacheka. Thumni ya fedha, senti hamsini, ilikuwa na gramu 3.89, nusu kamili ya shilingi, lakini ngozi yake si nusu ya ngozi ya shilingi, imezidi nusu. Kwa kila gramu moja, thumni ina kama milimita mraba 200 za kusuguliwa, shilingi 173, rupia 141, na reale ya Maria Theresa, ile nene ya gramu 28 yenye mwaka 1780 milele, ina 101 tu. Sarafu ndogo imezaliwa na hasara, na juu ya hayo ndiyo inayobadilisha mikono mara nyingi zaidi, kwa kuwa chumvi na kiberiti hununuliwa kila siku na ng'ombe hununuliwa mara moja. Katika daftari lake thumni za miaka ya 1920 zimepoteza asilimia kubwa kuliko shilingi za umri uleule, karibu kila ukurasa. Safu hizo za penseli zilinivutia kuliko sarafu zenyewe. Zimeandikwa kwa mwandiko usiobadilika, na pale alipokosea kuna mstari mmoja juu ya namba, bila kufuta, ili kosa lisomeke.

Zile za 1946 zilikuwa na sababu nyingine ya kubaki nzima. Cucu alisimulia kwamba mama mkwe alizifukia chini ya jiko mwaka wa vijiji, watu walipoondolewa mashambani wakati wa hali ya hatari na kukusanywa pamoja, 1954. Aliporudi, alizifukua, akaziacha mkebeni. Zilikuwa zimezunguka miaka michache tu. Zile za 1922 zilianza safari mapema: ndizo zilizolipa kodi ya kichwa na ya nyumba, iliyokuwa shilingi 16 kisha ikashushwa hadi 12 mwaka huohuo, na ndizo zilizorudi kama mshahara na kulipa tena. Kila tone la gramu 0.31 limeachwa mahali fulani kati ya duka, ofisi ya serikali na mfuko wa kaptula.

Kabla ya shilingi ilikuwa rupia, na rupia ndiyo inayompa kazi ngumu. Kijana mmoja aliyefika na bodaboda aliweka mbili mezani, zote za 1912, moja imechakaa, nyingine nzuri. Rupia mpya ilikuwa na gramu 11.66, uzito ambao masonara wa pwani na India walikuwa wakiuita tola na kuutumia kupimia bangili, na kati ya sehemu zake kumi na mbili, kumi na moja zilikuwa fedha. Ile iliyochakaa ikasoma 11.38. Sheria ya sarafu ya India ya 1906 iliikataa rupia iliyopungua zaidi ya asilimia mbili, na hii imepungua 2.4. Ile nzuri ikasoma 11.58. Kijana akatabasamu.

Mwalimu hakuandika. Akatoa sinia dogo la mbao lililokatwa mfano wa daraja, akaliweka juu ya kitanga bila kukigusa, na juu ya daraja akaweka gilasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akaifunga rupia iliyochakaa kwa uzi mwembamba wa nailoni, akaining'iniza kwenye kulabu ya mtange hadi ikazama yote, akapitisha brashi laini juu yake kuondoa viputo. Kiputo kimoja huinua sarafu na kuharibu kila kitu. Ndani ya maji ilipoteza gramu 1.10. Gawanya 11.38 kwa 1.10: kila sentimita ya ujazo ina gramu 10.3, na hivyo ndivyo fedha ya rupia inavyopaswa kuwa. Kuchakaa kumepunguza sarafu. Hakukuigusa aina yake. Kisha ile nzuri. Ilipoteza gramu 1.38. Akagawanya kwa penseli, akarudia hesabu, akamgeuzia kijana karatasi: 8.4. Hiyo ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha juu, imepigwa na mtu aliyejua uzito wa rupia lakini hakuwahi kufikiria maji. Kijana akaomba ipimwe tena. Ikapimwa tena, kwa utulivu uleule, viputo vikaondolewa vilevile, jibu likawa lilelile.

Wakati huo shilingi ishirini na moja zilikuwa zimeshapita vitanga vyote viwili. Jumla ilikuwa gramu 158.6, wastani wa 7.55 kwa kila moja. Zikiwa mpya zingekuwa 163.4. Katika gramu 4.8 zilizoondoka, fedha ilikuwa 1.2 tu. Iliyobaki ni kama gramu 39.6. Aliziandika zote katika nakala ya cucu, kwa tarakimu kubwa, na kumwambia kwamba anayenunua kwa fedha iliyomo atamlipa kwa gramu hizo, na anayenunua kwa ajili ya mwaka na sura atazitaka za 1946 pekee, na kwamba watu hao wawili asiwachanganye.

"Na hii?" Cucu aliigusa ile iliyotobolewa.

Alikuwa ameiweka kando kwa sababu shimo si uchakavu. Akaichukua, akapima upana wa shimo kwa rula ya chuma chini ya kioo: milimita mbili. Sarafu ina unene wa kama milimita moja na nusu pungufu. Kilichotolewa na msumari au keekee ni gramu 0.04. Ikapanda mizani, kushoto kisha kulia: 7.41. Jumla iliyopungua 0.37, toa shimo, imebaki 0.33, zaidi ya zote zilizokuwa mezani. Akaigeuza chini ya kioo. Upande wa mfalme, uliokuwa ukilala juu ya ngozi ya kifua, ulikuwa laini kabisa, hauna hata herufi. Upande wa simba ulikuwa na kila unywele. Akatafuta ukurasa mtupu, akachora safu tano badala ya nne, na juu ya ile ya tano akaandika "shimo".